Deni la Marehemu

Maji ya Mto Rufiji yanayofika kata ya Salale, deltani, yamekwisha kulipita jina la Mwalimu Nyerere mara mbili. Kwanza ni bwawani, kwenye korongo ambalo ramani za wakoloni zililipa jina la Stiegler na ambako leo kuna mitambo 9 yenye uwezo wa kufua megawati 2,115. Kisha ni kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilomita za mraba 30,893 zilizomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Yakitoka huko yanapita Mloka na Utete, yanapita chini ya Daraja la Mkapa pale Ndundu, halafu mto unagawanyika katika mikono mingi hadi unapokutana na maji chumvi ndani ya mikoko ya delta, msitu wa hekta zipatazo 50,000, mkubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Mkulima wa mpunga wa delta anasubiri maji baridi yaisukume chumvi itoke shambani. Mvuvi wa kamba anayasubiri maji hayohayo, kwa sababu mwaka ambao mto umekuja vizuri ndio mwaka ambao kamba nao huja. Wote wawili wanaishi mwisho wa mto, na yote yanayoamuliwa juu ya mto huo yanaamuliwa mbali nao, sasa chini ya jina ambalo si rahisi kulibishia.

Sina ugomvi na kubadilishwa kwa majina. Stiegler alikuwa mgeni, na Frederick Selous aliuawa Beho Beho Januari 1917 katika vita ambayo Wazungu waliileta na watu wetu wakaibebea mizigo. Salale yenyewe iliingia katika vitabu vya dunia kwa mlango wa vita hiyohiyo, maana manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuja kujificha huku mwaka 1914 na ikaangamizwa deltani Julai 1915. Kwa miaka mingi aliyetaka kusoma habari za delta hii alisoma habari za meli. Kwa hiyo jina la mtu wetu kuchukua nafasi ya jina la mwindaji wa Kiingereza ni haki, tena ilichelewa. Ninachotaka kukifikiria ni kile kinachofuata jina likishawekwa. Jina la marehemu anayeheshimiwa linafanya kazi gani pale lilipowekwa, na linamfanyia nani?

Tuanze na bwawa. Wazo la kuliziba lile korongo lilifanyiwa kazi kwa bidii Mwalimu akiwa madarakani. Mwaka 1975 iliundwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, na wataalamu wa Norway wakapima na kuchora. Wakati huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishuka bondeni, wakaandika jinsi wakulima wanavyoishi na mafuriko: jinsi maji yakishapungua mkulima anavyopanda mlau kwenye unyevu uliobaki, mahindi na mboga zikiota bila mvua, jinsi mabwawa ya samaki kando ya mto yanavyojazwa upya kila maji yanapopanda. Waliuliza itakuwaje mto ukifungwa. Fedha hazikupatikana, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mpango ukalala. Ulipoamshwa mwaka 2017 na Rais John Magufuli, ulirudi na jina jipya. Mkataba na kampuni mbili za Misri ulitiwa saini Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Katikati ya safari hiyo, Mei 2018, naibu waziri mmoja alisimama bungeni Dodoma akasema kwamba watakaoupinga mradi watafungwa jela.

Naomba msomaji aziweke nyakati hizo mbili mbele yake. Mwenye ndoto alipokuwa hai, ndoto yake ilikuwa jambo la kupimwa na la kuandikiwa ripoti zenye mashaka. Alipokufa, ndoto ileile ikawa jambo la utii. Simpaki Mwalimu mafuta kwa kusema hivyo. Serikali yake ilitunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini mwaka 1962 na ikaitumia, na msomi aliyevuka mpaka miaka ile alijua kuwa amevuka. Lakini ndani ya mipaka hiyo bwawa lilibaki kuwa hoja ya mtu, na hoja ya mtu hujibiwa. Kilichoongezwa baada ya kifo chake mwaka 1999 ni kwamba mtu mwenyewe hayupo tena kujibiwa, na waliolishika jina lake wanaweza kujibu kwa niaba yake wanavyotaka.

Aprili 2024 mto ulifurika vibaya katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Muhoro ilizama, mashamba yakaenda na maji, watu wakahamishiwa kwenye kambi. Wakazi wengi walisema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowazidi. Serikali ikasema mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida na bwawa lilipunguza makali badala ya kuyaongeza. Hili ni swali la mita za ujazo na saa za kufungua milango, linalojibika kwa vitabu vya kumbukumbu za maji. Kwa mtu wa Kibiti, hata hivyo, kuliuliza tu kulikuwa kumeshabeba uzito mwingine. Kuuliza habari za bwawa kulisikika kama kulibeza jambo la Baba wa Taifa, na aliyepoteza gunia zake za mpunga alijikuta anatakiwa kwanza athibitishe kwamba anaipenda nchi yake.

Hapo ndipo lilipo suala la kifalsafa, na nadhani mara nyingi tunalikosea. Tukisikia kwamba urithi wa kiongozi unatumiwa vibaya, haraka tunasema marehemu amedhalilishwa. Mwanafalsafa atatuuliza: marehemu anadhalilika vipi? Hasikii, haoni, hana haja tena ya sifa wala ulinzi. Wapo wanaojibu kwamba mtu anabaki na maslahi hata baada ya kufa, kwamba ahadi aliyopewa kitandani haifi pamoja naye, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi. Lakini madhara makubwa yako kwingine. Yanawaangukia walio hai. Mtu anayesema “haya ndiyo aliyoyataka Mwalimu” anawanyang’anya wasikilizaji wake haki ya kumjibu yeye, kwa sababu hoja ameitoa mkononi mwake na kuiweka kaburini Butiama. Anayesimama kumpinga hapingani tena na mbunge, waziri au mwekezaji. Anaambiwa anapingana na mtu aliyelitoa taifa mikononi mwa mkoloni.

Rufiji inaijua tofauti hii kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa iliwahi kubishana na Mwalimu mwenyewe. Mwaka 1968 mto ulifurika, na serikali ikaamua kwamba watu wasiendelee kukaa bondeni. Operesheni Rufiji, iliyoanza baada ya mafuriko hayo na kushika kasi mwaka 1969, ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Kaya zilitolewa kwenye udongo mweusi wa bonde na kupandishwa juu, kwenye mchanga. Kulikuwa na sababu njema: shule, zahanati, barabara, na watu kutokufa maji. Lakini mchanga haukutoa mpunga kama bonde, na mito haikuhama. Miembe ilibaki bondeni na makaburi yakabaki bondeni.

Watu hawakuandamana. Walikwenda kwenye vijiji vipya, wakajiandikisha, wakawapeleka watoto shule, na msimu wa kilimo ulipofika wakateremka. Bondeni walijenga madungu: vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ngazi pembeni, sakafu ya fito, moto wa kuni chini ya paa la makuti. Familia nzima ilihamia humo kwa miezi, ikilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, maji yakipita chini yao. Mchana unaona shamba tu na vibanda vilivyotawanyika. Usiku unaona taa za bonde zima ambalo kwenye karatasi halikuwa na mkazi. Ukiliangalia dungu kwa makini unaona jibu la wananchi kwa Rais wao. Walikubaliana naye kuhusu shule, wakakataa kuhusu udongo, na hawakuona kwamba kukataa huko kumepunguza heshima yao kwake. Wengi wao walimlilia kwa dhati alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mtu anaweza kumheshimu kiongozi na kumkatalia jambo, na wakati kiongozi yu hai watu wa kawaida wanayafanya yote mawili kwa siku moja.

Huku pwani kuna utaratibu unaonisaidia kufikiri juu ya jambo hili. Kabla jeneza halijainuliwa kwenda makaburini, mmoja wa ndugu husimama akawatangazia waliohudhuria kwamba mwenye madai yoyote kwa marehemu ajitokeze, aiendee familia. Katika mirathi ya Kiislamu mpangilio unajulikana: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na hapo ndipo warithi wanapoanza kuhesabiana mafungu. Mtoto hawezi kuchukua nyumba ya baba akaliacha deni la baba kwa jirani. Mwalimu alikuwa Mkatoliki, na ninayemzungumzia hapa si mwenye mali ya kugawiwa na kadhi. Lakini mpangilio wenyewe una hekima ambayo siasa zetu zimeikosa. Deni linalipwa kwanza kwa kuwa mali iliyomo nyumbani kwa marehemu si yake yote. Sehemu yake ni ya watu wanaomdai. Anayeigawa kabla ya kulipa anagawa mali ya watu.

Mwalimu Nyerere aliacha mali kubwa: jina lisilo na harufu ya wizi, lugha moja inayosemwa kutoka Kigoma hadi Kilindoni, mfano wa mtu aliyeondoka Ikulu mwaka 1985 kwa miguu yake mwenyewe. Aliacha na madeni. Rufiji inamdai kuhamishwa bila kusikilizwa. Rufiji inamdai pia Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezunguka nchi nzima kuwaingiza wanawake TANU miaka ya 1950, akawa mbunge wa Rufiji, akakipoteza kiti hicho katika uchaguzi wa 1965, akatofautiana na Azimio la Arusha kuhusu marufuku ya nyumba za kupangisha, akakamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, na akatolewa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Kwa miaka mingi alitoweka katika simulizi za uhuru kana kwamba hakuwahi kupanda jukwaani. Leo ana barabara Dar es Salaam, na barabara ni jambo jema. Lakini kuwaweka yeye na Mwalimu kwenye bango moja, wakitabasamu, bila kusema kilichopita kati yao, ni kugawa mafungu kabla ya kulipa.

Kinachonigusa ni kwamba mwenye deni mwenyewe hakulikana. Serikali yake ilikuwa imefuta halmashauri za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Alipohojiwa mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri kwamba hayo mawili yalikuwa makosa na kwamba kama angepewa nafasi ya kuanza upya asingeyarudia. Hakuna aliyemlazimisha. Sikumbuki ukurasa mwingine wa historia yetu ambao mkuu wa nchi aliye madarakani anataja kwa majina mambo mawili makubwa aliyoyaharibu. Kama tungetaka kurithi kitu kimoja tu kutoka kwake, ningechagua hicho. Nacho ndicho hakijawahi kupigwa chapa kwenye fulana.

Mafungu yamegawanywa kwa njia nyingine. Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba. Februari 1991, Mwalimu akiwa hai na akiwa amekwisha kung’atuka, chama chake kilikaa Zanzibar kikayaondoa masharti hayo. Alilalamika hadharani. Chama kilibaki na jina lake, picha yake na sauti yake, na kikaachana na kile ambacho kingewagharimu viongozi wenyewe. Tangu hapo kila msimu wa uchaguzi spika za magari hucheza vipande vya hotuba zake. Hotuba ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya, alipowaonya Watanzania juu ya watu wanaoikimbilia Ikulu, mwaka 2015 ilitumiwa na pande zote mbili za ushindani, kila upande ukiusikiliza mstari unaomchoma mwenzake na kuukata ule unaomchoma yeye. Mwaka 2004 Bunge lilitunga hata sheria ya utaratibu wa kuwaenzi waasisi wa taifa. Mwaka 2022, hapahapa mkoani Pwani, pale Kibaha, ilifunguliwa shule ya uongozi yenye jina lake, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama 6 vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Wanaosoma humo wanafundishwa mengi. Sharti la mishahara miwili halimo katika masharti ya kuwa kiongozi leo.

Biashara nayo ina mkono wake. Mwaka 2009 kampuni ya Montblanc ilitengeneza kalamu ya dhahabu kwa heshima ya Mahatma Gandhi, mtu aliyevaa nguo alizozisokota mwenyewe. Zilitengenezwa 241, kwa idadi ya maili za maandamano yake ya chumvi, na bei ya moja ilizidi dola 20,000. Kesi ilifunguliwa mahakamani Kerala na uuzaji nchini India ukasimamishwa. Kwetu hatujafika kwenye kalamu, lakini jina la Mwalimu linauza safari za utalii kwa wageni wanaotaka kupiga picha simba na mamba kando ya Rufiji. Kuna maneno yake ya miaka ya mwanzo ya uhuru yanayonukuliwa sana, kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo kutazama mamba, ila alijua wanyama wangeliingizia taifa fedha. Huo ulikuwa ukweli wa mtu anayefikiri kama kiongozi wa wakulima. Mkulima wa Rufiji anamjua mamba kwa jina jingine: ndiye aliyemchukua mtoto wa jirani alipokwenda kuteka maji. Hifadhi yenye jina la Mwalimu ingemuenzi kweli kama ingejipima kwanza kwa mtoto huyo, yaani visima vingapi vimechimbwa vijijini ili mtu asishuke mtoni na ndoo, kabla ya kuhesabu wageni waliopita getini.

Sitaki ionekane kwamba kila anayelitaja jina lake analinyonya. Ingia ofisi ya kijiji huku deltani. Ukutani kuna picha mbili, ya Rais aliye madarakani na ya Mwalimu, karatasi imejikunja pembeni kwa unyevu wa chumvi. Chini yake wamekaa watu wenye kesi ya mpaka wa shamba la mpunga. Mzee mmoja akisema kwamba Mwalimu alitufundisha ardhi haiuzwi kama shuka, analitumia jina la marehemu, naye ana faida anayoitafuta. Kuna tofauti gani kati yake na waziri? Nimeliwaza swali hili kwa muda, na jibu nililofikia ni hili. Mzee analipeleka jina juu, kwa mwenye nguvu kuliko yeye, na linapofika huko linamdai mwenye nguvu atoe sababu. Waziri analiteremsha chini, kwa watu wasio na nguvu, na linapofika huko linawaambia wanyamaze. Kinywani mwa mzee jina linafungua mabishano. Kinywani mwa waziri linayafunga. Kipimo cha pili kinakwenda pamoja na hicho: anayelitumia jina analipa nini? Chama cha ACT-Wazalendo kilipotoa Azimio la Tabora mwaka 2015 na kuahidi kuihuisha miiko ya viongozi, kilijiwekea kipimo kinachoweza kukigeukia chenyewe, na hiyo ni hatua nzuri kwa chama chochote. Aliyelichukua jina bila sharti linalomfunga yeye mwenyewe amechukua mali peke yake.

Delta hii ilikwisha kutuonyesha mfano bora, Mwalimu akiwa bado hai. Mwishoni mwa 1997 serikali iliidhinisha mradi wa kampuni ya kigeni wa kufuga kamba deltani katika eneo la hekta zipatazo 10,000. Mikoko ingekatwa na maelfu ya watu wangehamishwa, na hii ni mikoko iliyokuwa imetangazwa hifadhi tangu mwaka 1898, enzi ya Mjerumani, ambayo mwananchi akikata boriti bila kibali anashikwa. Baraza la Taifa la Mazingira lilikuwa limeshauri vingine. Wanavijiji wa delta walikwenda mahakamani, wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, na mradi ule ukafa bila bwawa hata moja la kamba kuchimbwa. Hawakwenda na picha ya mtu. Walisimama juu ya ardhi, juu ya mashamba na vijito vyao, juu ya haki ya kuulizwa kabla ya kuamuliwa. Mwaka 1958 Mwalimu alikuwa ameandika makala ya kupinga ardhi kufanywa bidhaa, akionya kwamba wenye fedha watainunua na wengine watabaki wapangaji nchini mwao. Kati ya waliotia saini ruhusa ya mradi ule na wale waliokwenda mahakamani, mimi najua nani alikuwa mrithi, ijapokuwa wa kwanza ndio waliokuwa na picha ukutani.

Kuna deni moja zaidi ambalo kumpenda Mwalimu kunatulazimisha kulitaja. Alichangia mwenyewe kulifanya jina lake liwe hivi. Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zilibeba sura yake akiwa hai, ofisini picha yake ilikuwa ya lazima, na kizazi kizima kilikua kikiitikia kwamba fikra za Mwenyekiti zidumu. Leo mama anayeuza kamba gatini Nyamisati anapokea noti ya elfu moja iliyolowa, anaikunjua, anaipangusa kwenye kanga, sura ya Mwalimu inaonekana, anaifutika kiunoni. Hakuna anayenyonywa katika kitendo hicho. Ni mapenzi ya kawaida ya taifa kwa mzee wake. Lakini taifa lililozoea kuitikia kabla ya kusikiliza limewarahisishia kazi wote waliokuja baadaye na maikrofoni. Waliojifunza kwamba fikra za mtu mmoja zidumu hawakufundishwa namna ya kuzipima mtu huyo akishaondoka. Yeye alijaribu kulisahihisha hilo miaka yake ya mwisho, akiwa mtu wa kuandika na kukosoa bila cheo. Kitabu chake cha miaka ya 1990 kuhusu uongozi wetu na hatima ya Tanzania kiliwakosoa waziwazi viongozi wa chama chake mwenyewe. Hicho kitabu kinatajwa kidogo sana kwenye sherehe za Oktoba.

Wapo watakaosema taifa lenye makabila zaidi ya 120 linahitaji babu mmoja asiyeguswa, na kwamba tukianza kuhesabu madeni yake hadharani tutabomoa ukuta unaotushika. Hofu hiyo naielewa, na nimewahi kuisikia kwa watu ninaowaheshimu. Ila naitazama Rufiji naona kinyume chake. Watu waliohamishwa naye, wakateremka tena bondeni kinyume cha agizo lake, ndio haohao wanaomwita Mwalimu hadi leo bila kuongeza cheo. Kubishana naye hakukuwatenga na taifa. Kilichowatenga, kila ilipotokea, ni kuamuliwa mambo na kuambiwa baadaye, na kitendo hicho hakitakaswi na jina lolote litakalobandikwa juu yake, hata lake.

Basi mwenye kutaka kulibeba jina hilo katika bonde hili ana kazi inayojulikana. Mto sasa una milango, na milango ina watu wenye funguo. Aitangaze ratiba ya kufungua maji, kwa Kiswahili, kabla ya masika na kabla ya bamvua, ibandikwe Nyamisati na kila ofisi ya kijiji kata ya Salale, ikieleza mita za ujazo ngapi zinakuja na zitafika lini. Aziweke wazi kumbukumbu za maji ya Aprili 2024, ili aliyepoteza mpunga na mhandisi wa bwawa wasome karatasi moja. Awape wakulima wa mlau na wavuvi wa kamba viti katika kikao kinachoamua mto upewe maji kiasi gani mwezi gani, maana delta isiyopata mafuriko ya wastani inakufa kwa chumvi kama inavyokufa kwa mafuriko makubwa. Na kama ripoti zile za miaka ya 1970 bado zimo kwenye makabati ya Dar es Salaam, zitolewe zisomwe upya, kurasa zenye mashaka zikiwemo.